Bei ya kahawa imepanda, sasa ndio wakati wa kuuliza maswali

Tangu bei ya kahawa ivunje rekodi duniani mwanzoni mwa 2025 naona vijana wengi wa huku kwetu Kilimanjaro na kule Kagera wamechangamka kweli, wanaezeka upya, wanavuta bodaboda, wanaoa, na mimi nafurahi nao maana mkulima wa kahawa kateseka sana. Lakini wanangu naombeni mnisikilize kidogo, kwa sababu neema ya namna hii nilishaiona utotoni ikija na nikaiona ikiondoka.

Iko hivi. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni kule Brazil, dunia ikaishiwa kahawa, na 1976 na 1977 bei ikapaa ajabu. Baba alikuwa na kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, cha kawaida tu lakini miaka ile ndio aliyotoa majani akaezeka bati, mama akapata cherehani, na kijiji kizima ukipita ulikuwa unasikia nyundo. Nchi nayo ikajaa fedha za kigeni mpaka mwanzoni mwa 1978 serikali ikalegeza masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje, tena ikishauriwa na wakubwa wa fedha duniani, na mwaka haujaisha ile akiba ikawa imekwisha. Oktoba ya mwaka huo huo Idi Amin wa Uganda akavamia Kagera, tukaingia vitani, mwaka uliofuata mafuta yakapanda bei, na hapo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishavunjika 1977 na mpaka wetu na Kenya umefungwa. Mwalimu Nyerere akatuomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Tulifunga, ila miezi 18 ilipita na mikanda ikazidi kubana.

Sasa kuna jambo moja huwa halisemwi sana tukikumbuka miaka ile na ndilo linaloniuma mpaka leo. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa 1976, KNCU yetu ya wakulima wa kahawa Kilimanjaro ikiwemo, chama ambacho babu zetu walikijenga tangu enzi ya mkoloni. Yaani hela ilipokuja kwa wingi, mkulima hakuwa tena na chombo chake cha kumsemea. Kahawa ikawa inakusanywa na mamlaka ya serikali, bei ya mkulima inapangwa juu huko, kodi na makato yanazidi, na sisi kwa kuwa bado tulikuwa tunapata hela kuliko tulivyozoea hakuna aliyesimama kuuliza. Chama cha siasa kilikuwa kimoja, ndio, na kuuliza kulikuwa na woga wake, lakini pia tulikuwa tumeshiba. Njaa ilipokuja tukataka kuuliza na nguvu ya kuuliza hatuna, mtu anaamka alfajiri anawahi foleni ya sukari, atapata wapi muda wa kudai hesabu?

Kwa ambao hamkuishi miaka ile, ugumu wenyewe ulikuwa hivi. Sabuni haipo dukani, mama anatwanga majani ya mpapai, anayasugua kwenye sare zetu za shule mpaka povu la kijani linatoka, halafu anasuuza na kusuuza tena ili doa lisibaki. Mafuta ya taa yakikosekana tunakula kabla giza halijaingia. Unga ukawa ule wa yanga, mahindi ya njano ya msaada, na hata huo ulipatikana kwa mgao, jina lako lazima liwe kwenye daftari la mjumbe wa nyumba kumi. Watu wa Rombo walivusha vitu usiku kwa miguu kutoka upande wa Kenya. Halafu 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi chini ya waziri mkuu Sokoine, na wengi tulimpenda Sokoine kwa sababu walanguzi walikuwa wametutesa, lakini nakumbuka pia hofu iliyoingia hata kwa mwenye mifuko miwili ya sukari, watu wakamwaga bidhaa usiku kukwepa msako. Baadaye 1984 milango ya biashara ikaanza kufunguliwa, 1985 akaja Mzee Mwinyi na ruksa zake, bidhaa zikarudi madukani ila shilingi ikashuka thamani vibaya, na aliyekuwa na akiba ya noti ndani akabaki na karatasi.

Ndio maana hela ya kahawa msiikalishe yote ndani kama noti. Baba aliyeweka kwenye bati na ng'ombe hakupoteza, jirani aliyeweka kwenye sanduku alipoteza. Na migomba msiifyeke kupisha kahawa hata bei ikiwa nzuri vipi, kwenye ile miaka migumu waliotuvusha ni ndizi na maziwa. Hata wafanyakazi wa serikali Dar waliishi kwa miradi, kuku uani na mchicha pembeni, mshahara ulikuwa unakatika katikati ya mwezi.

Ila la kwanza kwangu ni AMCOS yenu, yaani chama cha ushirika cha msingi cha wakulima. Nendeni mikutanoni sasa hivi mkiwa na hela mfukoni, muulize kahawa yetu imeuzwa mnadani kwa bei gani, makato ni yapi na nani aliyapitisha, na mkaguzi wa hesabu alikuja lini mara ya mwisho. Bodi ya AMCOS ikijibu vizuri ishukuruni na muiandike kwenye muhtasari, ikikwepa msiondoke. Na diwani na mbunge nao waulizeni ushuru wa mazao unarudi vipi kwenye barabara ya kwenu, waulizeni mapema, msisubiri mpaka wakati wa kampeni.

Na kwa wale wanaoniuliza waanze na bodaboda au miche, mimi ningeanza na miche. Nendeni pale TaCRI Lyamungo, kituo cha utafiti wa kahawa, muulizie aina zinazohimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, mibuni ya zamani inakula dawa sana na dawa ni za bei. Mche unachukua kama miaka mitatu kuanza kukupa kitu cha maana, kwa hiyo mashimo yachimbwe kabla mvua za masika hazijaanza.