Kupandisha ghorofa juu ya madarasa ya zamani

Mkuu, umeuliza kama mnaweza kupandisha ghorofa juu ya madarasa ya zamani maana kiwanja kimebana. Inawezekana, ila msianze na ramani, anzeni na msingi. Muiteni injinia wa majengo, achimbishe shimo pembeni ya ukuta muone msingi una kina gani na una nondo au ni mawe tu, maana madarasa mengi ya chini yalijengwa kubeba bati basi. Hizo nyufa ulizosema zinaanzia kona za madirisha kwenda juu kimshazari, usikubali fundi azizibe na plasta fasta fasta, mara nyingi hapo msingi unatitia upande mmoja; bandika jasi (gypsum) nyembamba kukatisha ufa, andika tarehe, ikipasuka ujue jengo bado linatembea. Mkiamua kujenga pembeni, acheni nafasi kati ya ukuta mpya na wa zamani, msiuunganishe na zege, maana jengo jipya lazima lishuke kidogo na mkiunganisha patachanika palepale kwenye maungio. Na paa kama ni asbesto (yale ya zamani yenye nyuzi ambazo vumbi lake ni hatari kwa mapafu), aisee, wanafunzi wasiwepo kabisa, msivunje wala kukata na msumeno, tafuteni watu wenye kibali cha kazi hiyo.