Koma kwenye "Thanks John" na "No thanks"
Habari mkuu, naona umekwama kwenye imeili ya mteja, hujui uweke koma kwenye "Thanks John" na "No thanks" au uache. Cha kwanza angalia kama kuna mtu anaitwa hapo, akiwepo koma inakaa kabla ya jina: "Thanks, John." Mi naandikia wateja kila siku na hiyo siiachi kabisa. Ila kwenye salamu wengi wanaandika "Hi John," koma ya mwisho tu na iko poa, ukiweka mbili inajaa bure. "No thanks" na "No, thanks" zote zinapita, yenye koma ni rasmi kidogo. "Thanks a lot" usiikate katikati, hapo haitwi mtu. Alama ya mshangao weka moja tu.