Mauzo yanapanda lakini fedha haionekani: namna ninavyosoma namba za mgahawa

Mkuu mwenye uzi, nimesoma swali lako na michango yote iliyotangulia. Unasema mgahawa wako una mashine inayorekodi kila oda, kila mwisho wa mwezi unachapa ripoti, na mauzo yanapanda. Ila ukishalipa wauzaji na mishahara, hubaki na kitu. Wadau wengine wamekushauri upandishe bei, wengine ununue programu mpya. Naomba usiharakishe lolote kati ya hayo. Nimesimamia migahawa kwa miaka mingi, mikubwa kwa midogo, na naamini jibu lako limo ndani ya mashine uliyo nayo. Tatizo ni kwamba mashine inajua kilichouzwa tu. Haijui kilichotakiwa kikakosekana, wala kilichotoka stoo bila kumfikia mteja anayelipa. Hayo mawili lazima uyaandike mwenyewe, uyaweke kando ya ripoti, ndipo ripoti ianze kukusaidia.

Tuanze na hilo neno "yanapanda". Mwezi wa siku 31 wenye Jumamosi tano ukiulinganisha na Februari, mauzo yatapanda hata kama biashara inashuka. Mimi silinganishi mwezi na mwezi. Nalinganisha Jumamosi na Jumamosi, Jumanne na Jumanne, wiki nne kwa wiki nne. Na sihesabu fedha peke yake, nahesabu sahani na vichwa vya wateja. Ukipandisha bei kwa asilimia 10 na sahani zikapungua kwa asilimia 6, mauzo bado yataonyesha ongezeko, kumbe kuna wateja wanaondoka. Keshia aingize idadi ya wageni kwenye kila bili. Inachukua sekunde mbili, na bila namba hiyo nusu ya maswali ya maana hayawezi kujibiwa.

Jambo jingine la kusafisha kabla ya yote ni vile vitufe vya "mengineyo". Kama keshia anabonyeza kitufe kimoja kwa vitu vitano tofauti, ripoti ya sahani haifai kwa lolote. Kila kinachouzwa kiwe na jina lake, na jina lisibadilike katikati ya mwaka. Hili halihitaji maelezo marefu, lifanywe tu.

Sasa njoo kwenye sahani. Mwaka 1982 Michael Kasavana na Donald Smith, wa Michigan State University, walitoa njia ya kupanga menyu ambayo mpaka leo sijaona inayoishinda kwa urahisi. Kila sahani unaiuliza maswali mawili: inapendwa kiasi gani, na inaacha fedha kiasi gani baada ya kutoa gharama ya malighafi. Kipimo cha kupendwa ni hiki: ukiwa na milo mikuu 20, kila mmoja ungetarajiwa kuchukua asilimia 5 ya oda. Chukua asilimia 70 ya hiyo, unapata 3.5. Unaovuka hapo unapendwa, usiovuka haupendwi. Kipimo cha pili ni wastani wa kinachobaki kwa sahani, kwenye kundi hilohilo. Usichanganye vinywaji na milo mikuu, kila kundi lipimwe peke yake, la sivyo utafuta mlo mzuri kwa sababu umeshindanishwa na soda.

Hapa kuna mtego unaowakamata wengi, na nimeuona hata kwa wahasibu wazuri. Wanaangalia asilimia ya gharama badala ya fedha inayobaki. Chukua sahani inayouzwa 100 na malighafi yake ni 25. Gharama ni asilimia 25, inabaki 75. Nyingine inauzwa 200, malighafi 80. Gharama ni asilimia 40, inaonekana mbaya, lakini inabaki 120. Mishahara na kodi ya jengo hulipwa kwa ile 120, hailipwi kwa asilimia. Nimeona menyu ikisukumwa kuelekea sahani za bei ndogo ili asilimia ipendeze kwenye ripoti, na asilimia ikapendeza kweli huku fedha ya kulipia kodi ikizidi kupungua. Ila na mimi nina sharti langu juu ya hesabu hii: angalia pia muda wa jiko. Sahani inayoacha 120 lakini inamshika mpishi dakika 20 wakati foleni imejaa inaweza kukugharimu sahani tatu nyingine ambazo hazikutoka. Namba za Kasavana na Smith hazina muda ndani yake, muda uongeze wewe.

Ukishapanga makundi, uamuzi hautoki wenyewe kwenye jedwali. Sahani inayopendwa na inayoacha fedha, iache kama ilivyo na ulinde kipimo chake, yaani kiasi kinachopakuliwa, kila siku. Inayopendwa lakini haiachi kitu, watu hukimbilia kupandisha bei. Mimi huanza na kipimo cha kijiko, na kile kinachoandamana nayo pembeni ambacho nusu yake hurudi jikoni kwenye sahani chafu. Inayoacha fedha lakini haiendi, muulize mhudumu aieleze bila kuangalia menyu. Mara nyingi hawezi, kwa sababu hajawahi kuionja. Muonjeshe kabla hujaifuta.

Na zile zisizopendwa wala zisizoacha kitu, usizifute kabla hujaangalia bili nzima zilizokuwamo. Hili nalisisitiza kwa sababu ndipo ripoti ya sahani inapodanganya zaidi. Katika mgahawa mmoja niliousimamia kulikuwa na mlo wa mboga tupu uliokuwa mwisho kabisa kwenye orodha, na kila mtu alitaka uondolewe. Nilipotoa bili ambazo mlo huo ulikuwamo, nikakuta nyingi ni za meza kubwa, watu watano, sita, wanane. Mmoja kati yao hali nyama, na yeye ndiye anayeamua kundi zima liende kula wapi. Ukiufuta mlo ule unapoteza meza nzima, na ripoti haitakuonyesha kamwe, kwa sababu meza isiyokuja haina bili. Programu nyingi zinaweza kutoa bili zenye bidhaa fulani. Kama yako haiwezi, chambua risiti za wiki mbili kwa mkono, inatosha kukupa picha.

Baada ya sahani, nenda kwenye saa. Mwaka 1998 Sheryl Kimes wa Cornell University na wenzake waliandika kuhusu kupima mapato kwa kila kiti kwa kila saa, na kipimo hicho kimenisaidia kupanga ukumbi kuliko kingine chochote. Tuseme una viti 50. Mchana, kwa saa mbili, unauza 6,000. Gawa kwa viti 50 mara saa 2, unapata 60. Jioni, kwa saa nne, unauza 9,000. Gawa kwa viti 50 mara saa 4, unapata 45. Jioni inaleta fedha nyingi zaidi, lakini viti vyako vinafanya kazi vizuri zaidi mchana. Maana yake dawa ni mbili tofauti. Mchana viti vimejaa na watu wanaondoka mlangoni, kwa hiyo kinachohitajika ni kasi: menyu fupi, bili kutoka haraka, meza kusafishwa mara moja. Jioni viti viko wazi, kwa hiyo kasi haisaidii, kinachohitajika ni kuvuta watu au kuwapa waliokaa sababu ya kuagiza kitu kingine. Watu huweka punguzo la bei saa za mchana ambapo tayari wanakosa viti. Hiyo ni kutoa fedha bure.

Hapa ndipo ile idadi ya wageni kwenye bili inalipa. Ukikuta bili nyingi za mchana ni za watu wawili na meza zako zote ni za watu wanne, ukumbi unaonekana umejaa kumbe nusu ya viti ni vitupu. Meza za wawili zinazoweza kuunganishwa zitakuongezea nafasi bila kuongeza hata kiti.

Mishahara nayo isome kwa saa. Gawa mauzo ya kila saa kwa idadi ya watu waliokuwa zamu, utaona saa zenye watu wengi kuliko kazi na saa ambazo wawili wanaelemewa. Wengi kwenye biashara hii hujitahidi malighafi na mishahara kwa pamoja visizidi takriban asilimia 60 ya mauzo. Ni kipimo cha jumla tu, kinategemea aina ya mgahawa, lakini ukijikuta kwenye 75, basi huna haja ya kujiuliza fedha inaenda wapi.

Sasa yale mawili ambayo mashine haiyajui. La kwanza ni kilichokosekana. Tuseme samaki huisha kila Ijumaa baada ya sahani 20. Ripoti itasema wateja wa Ijumaa wanataka samaki 20, na utaendelea kuandaa 20 miaka yote. Weka daftari karibu na mlango wa jiko. Kitu kikiisha, andikeni saa kilipoisha, na kila anayekiulizia baada ya hapo awekewe mstari. Baada ya miezi miwili mitatu utakuwa na namba ya kweli: waliopata pamoja na waliokosa.

Halafu uandae kiasi gani? Jibu haliko kwenye wastani, liko kwenye kulinganisha hasara mbili. Sahani ile inayoacha 120 na malighafi yake 80: ukiikosa unapoteza 120, ikibaki ukaitupa unapoteza 80. Gawa 120 kwa jumla yake, 200, unapata asilimia 60. Maana yake andaa kiasi ambacho kingetosha siku 6 kati ya 10. Panga namba za Ijumaa kumi kutoka ndogo kwenda kubwa, chukua ya sita. Sahani ikiwa na malighafi ya bei ghali na faida ndogo, utaangukia namba ya chini. Ikiwa malighafi ni rahisi, utaandaa zaidi, na kubakiza kidogo baadhi ya siku hakutakuwa kosa la mpishi. Waeleze wapishi hesabu hii. Wanaogombezwa kwa kila kinachobaki huandaa kidogo ili wasigombezwe, na hasara ya wateja waliokosa haiandikwi na mtu.

La pili ni stoo, na kwa maelezo yako nashuku sana kwamba fedha yako iko hapa. Chukua malighafi moja ya gharama, tuseme nyama. Mashine inasema umeuza sahani 300, kipimo ni gramu 200, kwa hiyo zilipaswa kutumika kilo 60. Sasa nenda stoo: mwanzo wa wiki zilikuwepo kilo 15, ukanunua 65, mwisho wa wiki zimebaki 10. Zimetumika kilo 70. Kilo 10 zimeenda wapi? Kila wiki zikienda hivyo, na kwa mafuta, jibini na vinywaji hivyohivyo, mauzo yanaweza kupanda mpaka mwaka uishe na usione faida.

Nakuomba sana usianze na neno wizi. Mashine ya fedha yenyewe ilizaliwa kwa hofu hiyo: James Ritty, mwenye baa huko Dayton, Ohio, alipata hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1879 akitafuta namna ya kuzuia wafanyakazi wasijichukulie mapato. Labda ndiyo sababu mpaka leo wenye migahawa wengi hufungua ripoti kutafuta mwizi kabla ya kitu kingine chochote. Anza na mizani. Je, muuzaji analeta kilo kamili? Je, kipimo cha gramu 200 ni cha nyama mbichi kabla ya kusafishwa au baada? Mafuta na mifupa ikitoka, kilo moja uliyolipia haiwi kilo moja ya kupika, na kama hukuliweka hilo kwenye hesabu, pengo lako ni la makaratasi tu. Je, chakula cha wafanyakazi kinaandikwa? Je, mpishi wa jioni anapima au anakisia? Vyakula vilivyoharibika vina daftari lake? Ukimaliza hayo yote na pengo bado lipo, ndipo uangalie oda zilizofutwa baada ya bili kuchapwa. Hata hapo usimwonee mtu: mhudumu anayehudumia meza nyingi atakuwa na oda nyingi zilizofutwa, kwa hiyo linganisha zilizofutwa kwa kila oda 100, na zamu kwa zamu.

Ukianza kubadilisha mambo, badilisha moja kwa wakati mmoja kwenye sahani moja. Ukipandisha bei, ukabadilisha kipimo na kuhamisha sahani juu ya menyu wiki hiyohiyo, hutajua kipi kilifanya kazi.

Kwa wiki hii fanya haya tu: leo usiku baada ya kufunga, pima stoo ya malighafi tano zinazokugharimu zaidi. Andika kila kinachoingia, pima tena siku ya saba usiku. Toa ripoti ya sahani za siku hizo hizo saba, zidisha kwa vipimo vya mapishi yako. Ziweke hapa kilo za hesabu na kilo za stoo pamoja na idadi ya sahani, tuziangalie pamoja kabla hujagusa bei.