Sala zimepoa tangu mambo yaninyookee

Ndugu, unauliza kwa nini ulisali sana wakati wa dhiki, na sasa umefanikiwa ulimi ni mzito. Kumbukumbu la Torati 8:12-17 inaonyesha mteremko wenyewe: kushiba, nyumba nzuri, mifugo na fedha kuongezeka, moyo kuinuka, kisha kujisemea kwamba ni nguvu zako zilizoleta utajiri. Kumkana Mungu hakumo humo. Ni kusahau tu, ndiyo maana hushtuki. Dawa iko sura ya 26: Mwisraeli alipeleka kapu la malimbuko, yaani mazao ya kwanza ya shamba, akatamka kwamba walitolewa utumwani Misri. Nawe, siku pesa inapoingia, kabla ya matumizi, tenga sadaka na utaje kwa sauti ulikotolewa. Ukingoja kilichobaki mwisho wa mwezi, mara nyingi utakuta hakuna.