Shanga hazitungwi na sindano

Swali: Tunaandaa kijitabu cha tamasha la muziki. Kipande kimojawapo tumekipata kwa programu ya kompyuta: sisi tuliiwekea kanuni, yenyewe ikatoa noti, tukachagua zilizotufaa. Mwenzangu ameandika chini ya jina la kipande: "Umetungwa na kompyuta." Mimi nasema aandike "kwa kompyuta". Ananijibu kwamba ni mamoja. Je, ni mamoja?

Jibu: Si mamoja hata kidogo, nawe ndiye uliye sahihi. Nashukuru umeuliza, maana hii "na" imeenea kama magugu. Picha imechorwa na akili bandia. Umbo la protini limegunduliwa na kompyuta. Shimo jeusi la angani limepigwa picha na algoriti, yaani zile hatua za hesabu ambazo kompyuta huzifuata. Kila sentensi ya namna hii inafuta watu, pengine mamia ya watu, kwa herufi mbili tu, na anayeiandika hata hajui kwamba ameshika kifutio.

Kanuni yenyewe ni fupi. Kitenzi kikishavaa kauli ya kutendwa, "na" humtaja aliyetenda, "kwa" hutaja alichotendea. Mti umekatwa na seremala kwa shoka. Mtoto wa miaka mitano hakosei hapo.

Mwenzako atakuletea "amegongwa na gari", "amekatwa na chupa", "paa limeezuliwa na upepo". Zote ni Kiswahili safi, na inafaa tuzitazame kwa karibu kwa sababu ndizo zinazoonyesha kanuni inavyofanya kazi. Mtu akikanyaga chupa iliyofukiwa mchangani, tunasema amekatwa na chupa. Mwingine akiiokota chupa hiyo hiyo akamjeruhi mwenzake, tunageuza papo hapo: amekatwa kwa chupa. Chupa ni ile ile na jeraha ni lile lile. Kilichoongezeka ni mkono. "Na" hukipokea kitu kisicho na nia pale tu ambapo nyuma yake hapana mkono, au mkono upo lakini haukukusudia, kama wa dereva aliyegonga kwa bahati mbaya. Mkono wenye nia ukionekana, kitu hurudi kwenye "kwa". Kwa hiyo mbele ya sentensi yoyote ya kompyuta jiulize kwanza: mkono uko wapi?

Tuje kwenye kutunga. Kitenzi hiki ni kipana kuliko wanavyokidhania waandishi wa vichwa vya habari. Tunatunga shairi na tunatunga sheria, jipu hutunga usaha, lakini maana yake ya mkononi kabisa ni ile ya shanga: kupitisha uzi katika moja, kisha nyingine, kisha nyingine, mpaka kidani kitimie. Ukichunguza jinsi kompyuta ilivyoanza kutoa muziki utaona shanga tupu.

Mwaka 1956, katika Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, wanakemia wawili, Lejaren Hiller na Leonard Isaacson, waliitumia kompyuta ya chuo, ILLIAC I, kupata muziki wa fidla mbili, viola na selo. Kipande hicho kinajulikana kama Illiac Suite. Walianza kwa kuzipa namba noti za oktavu mbili (oktavu ni umbali kutoka noti moja hadi ya nane yake), zile za vibao vyeupe vya piano. Noti hizo ni 15, nazo zikawa 0 hadi 14. Kompyuta ilitoa namba kwa nasibu, moja moja. Kila namba ilipimwa kwa kanuni za kontrapunti, yaani zile kanuni za kale za kupatanisha sauti zinazokwenda pamoja. Je, mruko kutoka noti iliyotangulia unaruhusiwa? Je, sauti mbili zinakwenda kwa oktavu sambamba, jambo ambalo walimu wa zamani walilikataza? Namba iliyoshindwa ilitupwa, ikatolewa nyingine. Wimbo ulipofika mahali ambapo hakuna noti inayokubalika, ulifutwa wote na kazi ikaanza upya. Yaliyotoka yalikuwa namba na alama za mashine, na watu ndio walioziandika upya kwa noti za muziki ili wapigaji wanne waweze kuzisoma.

Hesabu mikono. Walioamua shanga ziwe 15 ni watu. Walioamua zipi zisikae pamoja ni watu. Walioamua ziwe ala nne za nyuzi, na kipande kiwe na sehemu nne, ni watu. Kompyuta ndiyo iliyokuwa sindano, sindano ya ajabu, yenye kasi isiyochoka, na hakuna aliyewahi kusema shanga zimetungwa na sindano.

"Lakini noti ilizichagua yenyewe," mwenzako atasema. Mrudishe kwenye dadu. Mwishoni mwa karne ya 18 ulichapishwa Ulaya mchezo wa muziki unaonasibishwa na mtunzi Mozart. Unarusha dadu mbili, unajumlisha, unapata namba kati ya 2 na 12. Unaitafuta kwenye jedwali, jedwali linakuelekeza kwenye kipande kidogo cha muziki kilichokwisha kuandikwa, unakiweka mahali pa kwanza. Unarudia hadi vipande 16 vitimie, na wimbo wa dansi umepatikana. Kila mrusho una majumla 11 yanayowezekana, kwa hiyo njia za kukamilisha mirusho 16 zinazidi trilioni 45,000. Dadu "zilichagua" kwa maana hiyo hiyo anayoishikilia mwenzako. Hata hivyo hakuna aliyesema muziki ule umetungwa na dadu. Ulitungwa na yule aliyeandika vile vipande vidogo na kuhakikisha kwamba kila kimoja kinaungana na jirani yake. Dadu ziliamua mpangilio tu. Kompyuta ni dadu zilizoongezewa kumbukumbu na uwezo wa kupima, na nyongeza hiyo, kubwa kama ilivyo, haigeuzi "kwa" kuwa "na".

Katika sayansi kosa ni lile lile na hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa "na" inaficha mahali pa kuhoji. Chukua picha ya shimo jeusi la galaksi ya M87 iliyotolewa tarehe 10 Aprili 2019. Mtandao wa darubini 8 za redio zilizotawanyika duniani ulikuwa kazini Aprili 2017, na 7 kati yake zilielekezwa huko; ya nane, ya Ncha ya Kusini, haiwezi kuliona shimo hilo, ikasaidia kurekebisha vipimo. Data zilikuwa nyingi mno kutumwa kwa intaneti, diski zikasafirishwa kwa ndege, na zile za Ncha ya Kusini zikangoja hadi majira ya baridi yaishe ndipo ndege iweze kuzichukua. Darubini 7 kwa ukubwa wa dunia ni chache, kwa hiyo data zina mapengo, na picha zinazoweza kuafikiana na data zenye mapengo hazina idadi. Algoriti hujaza mapengo kwa kufuata dhana: kwamba mwanga haurukiruki ovyo kutoka nukta hadi nukta, kwa mfano. Dhana hiyo ipewe uzito gani? Hapo ndipo ulipo mkono. Watafiti waligawanyika katika makundi manne yaliyofanya kazi bila kuambiana, ili mmoja asimwambukize mwenzake matarajio yake. Kisha walizijaribu mbinu zao kwa data za kutengeneza, ambazo picha yake ilijulikana tangu mwanzo, ili waone ni uzito gani unarudisha duara kuwa duara na sahani kuwa sahani. Ukiandika "picha imeundwa na algoriti", kazi yote hiyo inapotea, na msomaji hana pa kuuliza "mlijuaje?". Andika: data zilikusanywa kwa darubini 7, picha ikasukwa kwa algoriti. Msomaji mwenyewe atauliza ni nani waliosuka. Neno algoriti lenyewe, kwa taarifa yako, limetokana na jina la mtu, al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9.

Mfano unaoniudhi kuliko yote ni wa sanaa. Oktoba 2018, huko New York, mnada wa Christie's uliuza picha ya mtu asiyekuwepo, Edmond de Belamy, kwa dola 432,500. Pembeni, mahali pa sahihi ya mchoraji, palichapwa fomula ya hesabu. Hiyo ni "na" iliyowekwa kwenye turubai! Tazama waliokuwa nyuma yake. Kikundi cha Kifaransa kiitwacho Obvious kilikusanya picha za watu zipatazo 15,000 zilizochorwa kati ya karne ya 14 na ya 20. Programu mbili zikawekwa kushindana: moja inazalisha picha, ya pili inajaribu kutambua ipi ni ya mchoraji na ipi imezalishwa, na ya kwanza inaendelea kurekebishwa mpaka ya pili ishindwe kutofautisha. Sehemu kubwa ya msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, iliandikwa na kijana mwingine aliyeuweka wazi kwenye mtandao, na baada ya mnada kulizuka mabishano makali kuhusu stahili yake. Wachoraji wa karne sita, mwandishi wa msimbo, na kikundi kilichokaa kikateua picha za kuchapa: "imechorwa na akili bandia" imewameza wote. Ningekubali "imetolewa kwa programu, kutokana na michoro ya wachoraji wengi". Ni ndefu, naam, na ukweli wakati mwingine huhitaji nafasi.

Mlinganishe na Harold Cohen, mchoraji Mwingereza aliyeanza kuandika programu yake, AARON, mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuishughulikia hadi alipofariki mwaka 2016. AARON ilichora mistari kwa mashine yenye kalamu. Kwa miaka mingi rangi alizipaka Cohen mwenyewe. Michoro ile imechorwa na Cohen kwa AARON, na sentensi inakaa vizuri bila kusukumwa.

Lugha yetu ilikwishalikata shauri hili kwenye ngeli. Mtu anayechapisha ni mchapishaji, mashine ya kuchapishia ni kichapishi. Chombo cha kukokotolea ni kikokotoo, cha kuvinjari ni kivinjari. Mashine za namna hiyo tumeziweka kwenye KI-VI, na anayeiita programu "mtunzi" anaivusha mpaka kuingia kwenye A-WA bila kibali. Afadhali huyo kuliko anayeandika "roboti amechora". Roboti imechora, basi. Jambo la kupendeza ni kwamba neno "kompyuta" kule lilikotoka, kwenye Kiingereza, lilikuwa kwa karne kadhaa jina la mtu, mwajiriwa wa kukokotoa kwa kalamu na karatasi. Sisi tulilipokea likiwa tayari ni la mashine, na libaki hivyo.

Kiambishi cha kutendea nacho kinakusaidia, ukikikumbuka. Kalamu ni ya kuandikia, kisu ni cha kukatia, darubini ni ya kutazamia nyota. Programu yenu ni ya kutungia muziki. "Programu ya kutunga muziki" inaiachia programu kazi yote. Silabi moja hiyo inatosha kuurudisha mkono mahali pake. Ila msikimbilie "kupitia kompyuta", mtindo mwingine ulioingia juzijuzi. Kupitia ni kwa kinachopita njia: sauti hupitia maikrofoni. Muziki wenu haukupita kwenye kompyuta ukienda mahali.

Kuna mahali ninaposalimu amri. "Faili limefutwa na programu" nakubali kama hakuna aliyeiamuru, maana hiyo ni chupa ya mchangani. "Kompyuta imetoa noti 400" ni sawa pia, kama ilivyo sawa kusema kisu kinakata vizuri, kwa kuwa kauli ya kutenda haidai nia. Na mtu akisema "na kompyuta" barabarani akiwa na haraka, simsimamishi. Ila kijitabu kimechapwa, na kinachochapwa hufundisha. Aliyezoea kuipa kompyuta sifa kwa "na" ataipa na lawama kwa "na" hiyo hiyo: jina lako likikosekana kwenye orodha utaambiwa kosa limefanywa na kompyuta, na hutampata wa kulirekebisha.

Mchape hivi: "Kimetungwa na", yafuate majina yenu wawili, "kwa programu ya", lifuate jina lake. Programu ikiwa imeandikwa na mtu mwingine, mtajeni kwenye mstari huo huo, asishushwe chini kwa herufi ndogo. Ikiwa mliilisha nyimbo za watu ili ifuate mtindo wao, ongezeni "kutokana na nyimbo za" na muwataje. Na ni "kimetungwa", si "umetungwa". Mmekiita kipande nyinyi wenyewe.