Stesheni ya Arusha inashika kwa chenga Kibosho, na busta imeharibu zaidi

SWALI: Habari za kazi, fundi. Naishi Kibosho, Moshi. Kuna stesheni ya Arusha naipenda, iko karibu na megahezi 98. Redio yangu ndogo inaishika kwa chenga, na asubuhi mapema stesheni ya Kenya inaifunika kabisa. Nikanunua busta, nikaiunganisha na antena ya king'amuzi iliyo juu ya paa. Sasa ndiyo balaa: stesheni za Moshi mjini nazisikia kila ninapozungusha, ya Arusha imepotea. Kuna namna, au nikubali yaishe?

JIBU: Namna ipo, na kwa ulipo wewe uwezekano ni mzuri kuliko unavyodhani. Ila busta itoe kwanza, na ile antena ya king'amuzi iache ifanye kazi yake ya TV. Antena hiyo imekatwa kwa masafa ya juu, kuanzia megahezi 470 na kuendelea. FM iko kati ya 87.5 na 108, kwa hiyo vijiti vyake ni vifupi mno. Kinachopokea hapo ni kebo zaidi kuliko antena.

Busta nayo haichagui, inakuza chochote kinachoingia. Kutoka Kibosho unaitazama Moshi mjini kwa chini, na mawimbi ya stesheni za mjini yanakufikia yakiwa na nguvu nyingi. Ukiyakuza tena, busta au redio inalemewa na kuanza kuzaa stesheni ambazo hazipo. Hesabu yake ni rahisi: chukua mojawapo ya zile kali, zidisha kwa mbili, toa nyingine. Stesheni kali mbili zikiwa 94 na 90, zitazaa kivuli kwenye 98 na kingine kwenye 86. Kivuli hicho cha 98 kinakaa juu ya ile unayoitafuta. Ndiyo maana ya "kila ninapozungusha".

Sasa tuangalie njia yenyewe. Kutoka Arusha hadi kwako ni kama kilomita 72 ukipiga mstari wa moja kwa moja. Mawimbi ya FM hunyooka karibu kama mwanga, na upeo wake kwa kilomita ni 4.12 mara jumla ya vipeuo vya pili vya kimo cha antena mbili kwa mita. Arusha mjini iko mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na uwanda wa katikati, pale Uwanja wa Ndege wa KIA, ni karibu mita 900. Mnara wa mita 40 Arusha unakuwa mita 540 juu ya uwanda. Nyumba iliyo kwenye mita 1,300 Kibosho inakuwa mita 400 juu yake. Kipeuo cha 540 ni 23.2, cha 400 ni 20. Jumla mara 4.12 ni kilomita 178. Upeo huo unazipita kwa mbali zile kilomita 72, kwa hiyo mviringo wa dunia si tatizo lako.

Tatizo ni vitu viwili vilivyo katikati. Cha kwanza ni mteremko wa Meru upande wa Tengeru na Usa River, ambako mstari unapita karibu na ardhi. Mawimbi hayapiti kama uzi. Yanahitaji nafasi iliyotuna katikati kama mhogo, na kwa masafa haya nafasi hiyo pale Usa River ina nusu-kipenyo cha mita 200 hivi. Ardhi ikiila nafasi hiyo, mawimbi yanafika yamechoka. Hilo huna la kulifanya.

Cha pili ni migongo ya Kilimanjaro yenyewe. Kama nyumba yako iko bondeni, mgongo wa jirani upande wa Machame unakufunika, na hapo kuhama mita 50 kupanda juu kunaweza kukupa zaidi ya vifaa vyote vya dukani. Kwa hiyo usikate bomba hata moja la antena mpya kabla ya kutembea. Chukua redio ya betri, vuta antena yake yote, tembea kiwanja kizima ukisikiliza 98. Usiende kwa hatua kubwa: mawimbi yanayogonga mlima na kurudi hukutana na yanayokuja moja kwa moja, kwa hiyo nguvu hupanda na kushuka kila baada ya mita moja na nusu hivi. Pale panaposikika vizuri weka kijiti. Rudia saa mbili asubuhi na saa kumi jioni. Panapobaki pazuri mara zote mbili, ndipo pa kusimika mlingoti.

Ukiwa na redio hiyo mkononi, fanya na jaribio la pili, hili la ndani. Zima swichi kuu ya umeme ya nyumba nzima. Chenga zikipungua ghafla, adui yuko ndani kwako. Washa kimoja kimoja: taa za LED za bei ya chini, chaja za simu, king'amuzi, kontrola ya sola, inveta. Kinachorudisha kelele umekipata. Taa ya LED inayounguruma redioni badilisha tu, haina matengenezo.

Kuhusu ile stesheni ya Kenya. Kenya ina mitambo ya kurushia matangazo kwenye kilele cha Vuria, milima ya Taita, mita 2,200 hivi juu. Kutoka kwako ni kilomita 110 takribani, na kilele cha namna hiyo hakizuiliwi kirahisi. Asubuhi na mapema, ardhi ikiwa imepoa na hewa ya juu ina joto kuliko ya chini, mawimbi hupinda yakafuata ardhi na kufika mbali na yakiwa na nguvu. Jua likishachanganya hewa, mchezo unaisha. Na FM haichanganyi stesheni mbili zilizo kwenye masafa mamoja. Ikizidi moja kidogo tu, redio inaishika hiyo na kuitupa nyingine, ndiyo maana unasikia "inafunika kabisa".

Hapa jiografia iko upande wako. Taita iko mashariki, Arusha iko magharibi, karibu mgongo kwa mgongo. Unachohitaji ni antena yenye mbele inayosikia na mgongo usiosikia, na hiyo ni Yagi ya vijiti vitatu. Antena ya waya ulionyooka, hata ukiipandisha juu ya mti, inasikia pande zote mbili sawasawa, na Kenya itaendelea kukutembelea.

Vipimo vya megahezi 98 ni hivi. Kijiti cha nyuma, kinachorudisha mawimbi, mita 1.53. Cha katikati, kinachoungwa kebo, mita 1.45. Cha mbele, kinachoelekeza, mita 1.37. Kutoka cha nyuma hadi cha katikati sentimita 61, kutoka cha katikati hadi cha mbele sentimita 46. Kama stesheni yako iko masafa mengine, zidisha kila kipimo kwa 98 kisha gawanya kwa masafa yako. Kwa 90, kijiti cha nyuma kinakuwa mita 1.67.

Cha nyuma na cha mbele ni bomba za alumini za milimita 10 hadi 12, kwa mafundi wa madirisha vipande havikosekani. Cha katikati usikifanye kijiti cha kawaida. Kijiti kilichokatwa katikati, kikizungukwa na wenzake wawili, upinzani wake hushuka hadi kama omu 25, na kebo yako ni ya 75. Sehemu ya mawimbi inarudi ilikotoka. Kikunje kiwe kitanzi, upinzani unapanda mara nne hadi karibu 100, na hapo kebo inaelewana nacho. Nunua kwa fundi friji mita 3 za bomba laini la shaba la robo inchi. Likunje kwa mkono taratibu, juu ya chupa ya soda ili lisijikunje vibaya, lipate umbo la pipi ndefu iliyolala: urefu wa nje mita 1.45, nafasi kati ya mkono wa juu na wa chini sentimita 7. Ncha mbili zikutane katikati ya mkono wa chini zikiachana sentimita 2. Zibane juu ya kipande cha plastiki kigumu, ubao wa kukatia nyanya unafaa sana. Moyo wa kebo uunge ncha moja, wavu wa kebo ncha nyingine, kwa skrubu na washa, kisha funika kwa silikoni. Maji yakiingia ndani ya kebo, baada ya masika moja tu utarudi kwenye chenga na utailaumu antena bure.

Kebo iwe ile ya dishi, RG6, si waya wa spika. Mita 20 zake hupoteza desibeli (kipimo cha nguvu ya mawimbi) moja na kitu, si hasara ya kukosesha usingizi. Sentimita chache chini ya maungio izungushe mizunguko sita yenye upana wa sentimita 12 na kuifunga kwa teipu. Bila hivyo ganda la nje la kebo nalo linageuka antena, linaokota kelele za nyumbani na kuharibu ule "mgongo" ulioujenga.

Ubao wa kubebea vijiti uwe mkavu, mita 1.2, umepakwa rangi ya mafuta. Mlingoti ni bomba la maji la futi 20 lenye waya tatu za kuvutia. Antena ikae angalau mita 2 juu ya bati. Chini ya bati, kwenye dari, usijaribu.

Kuielekeza hakuhitaji dira. Siku Meru iko wazi, simama chini ya mlingoti, tazama kilele, nyoosha mkono, kunja ngumi. Kilele kikiwa kwenye ukingo wa kulia wa ngumi, Arusha iko nje kidogo ya ukingo wa kushoto. Kijiti kifupi kielekee huko. Vijiti vikiwa vimelala, ncha zake zinaelekea karibu na Moshi mjini, na antena ni kiziwi upande wa ncha zake, kwa hiyo zile stesheni kali za mjini zinanyamazishwa bila kifaa chochote.

Ila kuna stesheni zinazorusha kwa antena zilizosimama. Ukilaza yako wakati ya kwao imesimama unaweza kupoteza desibeli 20. Jaribu zote mbili: laza, sikiliza, kisha zungusha ubao ili vijiti visimame, sikiliza tena. Kama kusimama ndiko kunakofaa, mlingoti wa chuma usipite katikati ya vijiti maana utakuwa kijiti cha nne ambacho hukukipima, mita 1.5 za juu ziwe ubao au bomba la plastiki, na kebo itolewe kwa nyuma kabla ya kushuka.

Sasa redio. Ile ndogo ya mkononi ikipewa antena hii inaweza kulemewa, na tena haina pa kuchomeka. Tafuta redio ya gari, hata iliyotumika, mradi kipokezi chake kizima. Imejengwa kutenganisha stesheni zilizokaribiana, ina tundu la antena, na inakula volti 12 kutoka kwenye betri ya sola bila kelele za chaja. Kama ina kitufe cha mono, yaani sauti ya njia moja, kibonye. Stirio inahitaji mawimbi yenye nguvu zaidi kwa desibeli 20 hivi ili iwe safi sawa na mono. Kwa stesheni ya mbali, kung'ang'ania stirio ni kujitafutia chenga. Ukisikia herufi "s" inakwaruza wakati sauti nyingine ziko safi, hayo ni mawimbi yanayorudi kutoka mlimani: geuza antena nyuzi tano au kumi kushoto au kulia, hata kama nguvu itashuka kidogo.

Ukikutana na maelekezo ya kukata kipande cha kebo na kukipachika kwenye kiungo cha T ili kuua stesheni kali, yapuuze. Kipande cha namna hiyo kinaua eneo pana. Ukikikata kwa ajili ya 94, na 98 yako inaondoka nayo. Busta utaifikiria tu kama kebo inazidi mita 40, na hapo iwe ya FM, ikae juu kwenye antena. Ikikaa chini karibu na redio inakuza chenga ambazo kebo imeshaleta.

Mlingoti wa chuma mlimani unavuta radi. Chini yake pigilia nondo ya shaba ya mita 1.2 au zaidi, unganisha kwa waya mnene wa shaba usio na kona kali, na mawingu yakianza kunguruma chomoa kebo kwenye redio uiache nje ya dirisha.

Usipige simu kituoni kuwaambia waongeze nguvu. Leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inataja eneo ambalo stesheni inatakiwa kulihudumia, na huenda Kibosho si sehemu yake. Wewe kuipokea kwa antena yako hakuna kosa. Kosa ni ukishaipata vizuri, ununue kimtambo cha kurushia ili na majirani waisikie. Hicho bila leseni ni kesi.