Jibu: Kamera ya utepe haitoi picha kwenye /dev/video0

Kaka, umeuliza kwa nini kamera ya USB inafunguka bila shida kwenye /dev/video0 (faili ambayo programu za Linux hufungulia kamera), ilhali ile ya utepe, yaani ya waya bapa, kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi uliyofunga pale Dunga haikupi picha ya mitumbwi.

Ya USB hujichakatia picha ndani yake, draiva ya Linux ya kamera za USB, uvcvideo, inapokea fremu (picha moja moja) zilizoiva. Ya utepe hutoa data mbichi: kila pikseli ina rangi moja tu, nyekundu, kijani au buluu. Hapo kuna kihisi kinachonasa mwanga, kipokezi cha CSI-2 (kinachopokea data ya utepe) na kichakata picha, kila kimoja na mipangilio yake. Tangu toleo la 2.6.39, mwaka 2011, kerneli (kiini) ya Linux inaweza kuvionyesha kimoja kimoja. Kuvioanisha ni kazi ya programu. Andika amri media-ctl -p ujionee msururu wenyewe. Hesabu za mwanga na rangi, zinazobadilika fremu hadi fremu, hazina nafasi kwenye kerneli, ndipo libcamera, maktaba ya kuzifanya nje ya kerneli, ikaanzishwa 2018.

Basi achana na VideoCapture(0) ya OpenCV (maktaba ya picha), inayofungua /dev/video0 moja kwa moja; tumia Picamera2, maktaba ya Python inayopitia libcamera. Ukiwa na haraka, endesha libcamerify python3 skripti.py, ambayo huipitisha skripti yako ileile kwenye libcamera, ingawa mimi naiona ya kuzima moto tu.

Ila anza na rpicam-hello --list-cameras. Isipotaja kihisi, kagua utepe. Huenda umeuchomeka kinyume.